Kwa nini Palermo aliuchukua mpira mara ya tatu

Dakika ya 90 imefika, Argentina iko nyuma mabao matatu kwa bila, na mshambuliaji wake Martín Palermo anauweka mpira kwenye nukta ya penalti kwa mara ya tatu katika mechi moja. Penalti yake ya kwanza iligonga mwamba wa juu. Ya pili aliipaisha. Golini kasimama Miguel Calero wa Colombia, yule yule. Palermo anapiga kwa mguu wake wa kushoto. Safari hii mpira haupai, unalenga goli kama inavyotakiwa, na Calero anaupangua.

Ilikuwa tarehe 4 Julai 1999, mjini Luque nchini Paraguay, mechi ya makundi ya Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini. Kwa siku hiyo moja jina la Palermo liliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, kama mtu aliyekosa penalti tatu katika mechi moja ya timu za taifa. Huku kwetu wengi wanamfahamu kwa jambo hilo peke yake. Ukimtaja kijiweni, lazima atokee mtu aseme, "Si yule wa penalti tatu?" Watu watacheka, kisha maongezi yatahamia kwingine.

Mimi kisa kile hakijawahi kunichekesha. Nafundisha mpira vijana wa mtaani kwetu, na kila msimu napata angalau kijana mmoja mwenye mguu mzuri ambaye akikosa bao moja tu la wazi anaanza kujificha. Utamwona anainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zimefungwa. Krosi ikija, yeye yuko nyuma ya beki badala ya kumtangulia. Akipewa pasi anaigusa mara moja na kuirudisha haraka, kana kwamba mpira unaunguza. Kwa ajili ya vijana wa namna hiyo nimeirudia mechi ya Luque mara nyingi kuliko fainali nyingi nilizozishangilia. Nataka kuelewa ilikuwaje mtu aliyekosa mara mbili mbele ya bara zima akaenda tena kuuchukua mpira, na kama alikosea kuuchukua.

Tuanze na mpangilio wa mechi yenyewe, maana wasimuliaji wengi wanateleza hapo. Penalti zile tatu huhesabiwa kana kwamba zilikuwa na uzito mmoja. Sivyo. Ya kwanza ilitolewa dakika ya 5, matokeo yakiwa bado 0–0. Dakika tano baada ya mwamba kuikataa, Colombia nao walipata penalti, Iván Córdoba akaenda kufunga. Ya pili ya Argentina ilikuja dakika ya 76, Colombia wakiongoza kwa bao hilo hilo moja. Hii ndiyo iliyokuwa na mechi ndani yake, kwa sababu ingeingia ingekuwa sare na robo saa imebaki. Palermo akaipaisha. Dakika tatu baadaye Edwin Congo akafunga la pili, na dakika ya 87 Johnnier Montaño akaongeza la tatu. Penalti ya tatu ilipotolewa, Argentina walishafungwa. Hata angeifunga, ubao ungesomeka 3–1 na watu wangeondoka uwanjani.

Kwa hiyo mtu akitaka kulaumu, alaumu ya pili. Ile ya tatu, inayochekwa kuliko zote, haikubadilisha chochote katika matokeo.

Tena mechi yote ilikuwa imevurugika. Mwamuzi Ubaldo Aquino alitoa penalti tano kwa jumla. Kati ya mbili za Colombia, moja Hamilton Ricard aliikosa, Germán Burgos wa Argentina akaipangua. Javier Zanetti alitolewa kwa kadi nyekundu, na kocha Marcelo Bielsa naye aliondolewa kwenye benchi. Ukiitazama kwa makini unaona timu nzima imepoteza utulivu. Palermo ni sehemu ya timu hiyo, lakini kumbukumbu ya watu imembebesha mzigo peke yake.

Kuhusu ile ya pili, msimamo wangu ni huu. Mpiga penalti akikosa ya kwanza kwa kugonga mwamba, kumwachia ya pili si uzembe. Kwa wastani, katika kila penalti nne kama tatu huingia, na mpiga aliyegonga mwamba hajasahau kupiga. Tatizo ni kwamba kukosa mara moja hubadilisha anachofikiria mtu wakati anarudi nyuma kuchukua hatua. Ya kwanza alipiga juu kwa nguvu. Ya pili alipiga juu zaidi. Hapo mtu mwenzake alipaswa kuja kumshika bega na kumwambia, "Hii niachie," na timu yoyote iliyojipanga huwa na jina la pili, la mtu anayejua tangu chumba cha kubadilishia nguo kwamba mambo yakiharibika ni zamu yake. Na aliyekosa naye ana wajibu wa kusikia. Kwa penalti ya pili nakubaliana na wakosoaji: ilipaswa kupigwa na mwingine.

Ya tatu ni habari nyingine. Tukichukua hesabu ile ya tatu kwa nne na kudhani kila penalti inasimama peke yake, uwezekano wa kukosa tatu mfululizo ni mmoja katika 64. Si mdogo hivyo. Wapigaji wengi waliodumu kwenye mpira wamepitia mkosi wa aina hiyo, lakini kwao ulitawanyika katika wiki na miezi, penalti moja Agosti, nyingine Oktoba, nyingine baada ya Krismasi. Palermo zote zilimkuta kabla jasho halijakauka. Na wakati wa ile ya tatu hakukuwa na matokeo ya kulinda. Kilichobaki kilikuwa kati yake na goli. Angeweza kusogea pembeni, ainame na kamba zake za viatu, mwingine apige. Hakuna ambaye angemlaumu.

Ili kuelewa kwa nini hakusogea, inabidi kumjua ni mchezaji wa aina gani.

Alizaliwa La Plata mwaka 1973 na akakulia klabu ya Estudiantes ya mji huo, ambako alianza kucheza ligi kuu mwaka 1992. Hakuwa mchezaji wa kumkodolea macho. Mrefu, mzito kugeuka, si mtu wa chenga. Mabao yake mengi yalikuwa ya kugombania: kichwa, ugoko, goti, mpira uliorudi kutoka kwa kipa. Mwaka 1997 akaenda Boca Juniors, na mwaka uliofuata akaja Carlos Bianchi kuifundisha timu. Katika Apertura ya 1998, ligi ya nusu msimu yenye mechi 19, Palermo alifumania nyavu mara 20. Boca wakawa mabingwa bila kupoteza mchezo, wakachukua na ubingwa uliofuata, na msururu wao wa kutopoteza mechi kwenye ligi ukafika mechi 40. Bianchi ndiye aliyempa sifa ninayoiona sahihi kuliko zote: kwamba ni mtu mwenye matumaini ya goli. Yaani kila krosi inapopigwa anaamini inakuja kwake, na isipokuja anaamini inayofuata ndiyo.

Hilo si jambo la kuchukulia kirahisi. Mshambuliaji wa kati akikimbilia mpira mara 20, mara 18 anakimbia bure. Mbio zile za bure ndizo zinazomchosha kijana moyo, naona hata mazoezini kwetu. Palermo alikuwa na kipaji cha kukimbia mara ya 19 kama vile ni ya kwanza. Ni kipaji hicho hicho kilichompeleka kwenye nukta dakika ya 90 pale Luque. Huwezi kuwa na mtu wa mabao 20 katika mechi 19 halafu umtake awe pia na busara ya kusita.

Siku tatu kabla ya Luque, katika mechi ya kwanza ya kundi, alikuwa ameifunga Ecuador mabao mawili. Siku tatu baada ya Luque, Argentina walicheza na Uruguay. Bielsa akampanga tena, na Palermo akafunga bao la pili katika ushindi wa 2–0. Sehemu hii huwa haisimuliwi kijiweni. Mkosaji wa kihistoria alikaa siku tatu tu bila bao.

Ila kuna gharama ambayo si haki kuificha. Baada ya Copa América ile, ambako Argentina walitolewa na Brazil katika robo fainali, Palermo hakuichezea tena timu ya taifa kwa miaka kumi. Husemwa kwamba ni adhabu ya penalti tatu. Mimi naona ni nusu ya ukweli. Mbele yake walikuwa Gabriel Batistuta na Hernán Crespo, na ni vigumu kumtaja kocha yeyote duniani ambaye wakati ule angewaweka wawili hao benchi. Na mwili wake mwenyewe haukumpa nafasi ya kubisha hodi.

Tarehe 13 Novemba 1999, miezi minne tu baada ya Luque, Boca walicheza na Colón mjini Santa Fe. Palermo alichanika ligamenti ya goti la kulia. Akaendelea kucheza, na goti likiwa katika hali ile akafunga bao lake la 100 katika ligi kuu ya Argentina, kisha ndipo akatoka. Mazungumzo ya kuuzwa Lazio ya Italia yakafa. Akabaki na magongo na mazoezi ya tiba kwa zaidi ya miezi sita.

Kurudi kwake ni tukio ambalo ningependa kila mshambuliaji aliyeumia aonyeshwe. Tarehe 24 Mei 2000, robo fainali ya Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, mechi ya marudiano pale La Bombonera, uwanja wa Boca, dhidi ya watani wao wa jadi, River Plate. Mechi ya kwanza River walishinda 2–1. Habari zilipoenea kwamba Palermo huenda akawa kwenye benchi, kocha wa River, Américo Gallego, alitania kwamba wao wakimweka Palermo, yeye atamweka Enzo Francescoli, ambaye alikuwa ameshastaafu. Boca wakatangulia kwa bao la Marcelo Delgado, Juan Román Riquelme akafunga la pili kwa penalti, na mechi ile ile ndiyo Riquelme alimpiga Mario Yepes tobo linaloonyeshwa mpaka leo. Palermo aliingia kipindi cha pili. Dakika za majeruhi mpira ukamfikia ndani ya boksi, kaipa mgongo milingoti. Akageuka.

Itazame ile picha polepole. Anageuka taratibu mno, kama mtu anayegeuza kabati zito ndani ya chumba kidogo, na mabeki wa River wanamwangalia. Anapiga kwa kushoto, chinichini, mpira unaingia pembeni. Ukipiga kwa kushoto, unasimama na kulia. Goti la kulia, lile lililochanika Santa Fe, ndilo lililobeba uzito wote wa mwili wake wakati anapiga. Boca 3, River 0. Sijui bao jingine linaloonyesha kwa uwazi kiasi hicho mtu anavyouamini mguu wake.

Sasa turudi kwenye penalti, maana kisa chetu kinaendelea. Boca walifika fainali ya Libertadores wakakutana na Palmeiras. Mechi ya Buenos Aires iliisha 2–2, ya São Paulo, tarehe 21 Juni 2000, ikaisha 0–0. Mikwaju ya penalti. Haijatimia hata mwaka tangu Luque. Uwanja wa Morumbi umejaa watu wa upande wa pili, golini yupo Marcos, na Bianchi anapanga wapigaji. Palermo anaenda, anafunga. Boca wanashinda 4–2, kipa wao Óscar Córdoba akiwa amepangua mbili.

Huwa nawaonyesha vijana mkwaju ule mara tu baada ya kuwaonyesha ile mitatu, bila maelezo marefu. Kocha aliyekuwa na orodha mkononi alimwandika mtu ambaye dunia ilikuwa bado inamcheka, na mtu huyo hakukataa. Bianchi alikuwa naye kila siku mazoezini, na penalti tatu za alasiri moja ya mwezi Julai hazikutosha kumfuta mchezaji aliyemjua.

Mwishoni mwa mwaka huo, tarehe 28 Novemba mjini Tokyo, Boca walicheza na Real Madrid fainali ya Kombe la Mabara, kati ya bingwa wa Amerika Kusini na bingwa wa Ulaya. Dakika ya 3 Palermo alifunga kwa krosi ya Delgado. Dakika ya 6 Riquelme akatuma pasi ndefu kutoka nyuma, Palermo akaikimbilia na kufunga tena. Roberto Carlos alirudisha moja tu. Boca 2–1, na mchezaji bora wa mechi akawa Palermo.

Hispania haikumpendelea. Alijiunga na Villarreal Januari 2001, na Novemba mwaka huo, katika mechi ya Kombe la Mfalme dhidi ya Levante, alifunga bao akakimbilia mashabiki wa timu yake waliosafiri naye. Watu wakasukumana kumkumbatia, ukuta mdogo ulio mbele ya jukwaa ukaporomoka ukamwangukia mguuni. Mifupa miwili ya mguu ilivunjika, ule mkubwa na ule mdogo. Ndoto ya Kombe la Dunia la 2002 ikaishia pale. Baadaye alipita Betis na Alavés bila kung'ara, na mwaka 2004 akarudi nyumbani Boca.

Agosti 2006 mtoto wake mchanga, aliyezaliwa kabla ya wakati, alifariki. Siku chache baadaye alivaa jezi, akacheza dhidi ya Banfield na kufunga mabao mawili, machozi yakimtoka uwanjani. Hili silichambui.

Mabao mengine ya ajabu nayapitia tu: 2007 aliifunga Independiente akiwa bado upande wake wa uwanja, na Oktoba 2009 aliifunga Vélez kwa kichwa kutoka umbali wa karibu mita 39. Kabla ya hilo la kichwa, mwaka 2008, alichanika ligamenti ya goti kwa mara nyingine, akakaa nje nusu mwaka, akarudi.

Timu ya taifa nayo ikamrudia. Diego Maradona alikuwa kocha, na alimwita mwaka 2009 akiwa na miaka 35. Tarehe 10 Oktoba Argentina ilikuwa hatarini kukosa Kombe la Dunia, ikicheza na Peru nyumbani, uwanja wa Monumental, chini ya mvua ya kuona hatua chache tu mbele. Gonzalo Higuaín alitangulia kufunga. Dakika ya 90 Hernán Rengifo akasawazisha. Dakika ya 92, kwenye maji na matope, mpira ulipita katikati ya miguu ya watu ukamkuta Palermo kwenye mlingoti wa mbali. Alikuwa amesimama pale anapopaswa kusimama mtu anayeamini kila mpira ni wake. Akausukuma ndani. Maradona akajirusha kifudifudi kwenye majani yaliyojaa maji, akateleza kama mtoto.

Siku chache baadaye Argentina wakaifunga Uruguay mjini Montevideo, wakakata tiketi ya Afrika Kusini. Huko Polokwane, tarehe 22 Juni 2010, Palermo aliingia dakika ya 80 dhidi ya Ugiriki. Dakika ya 89 shuti la Lionel Messi likapanguliwa, mpira ukarudi kwa mtu wa miaka 36 aliyekuwa ameshaanza kuufuata kabla kipa hajaugusa. Bao lake la kwanza na la mwisho katika Kombe la Dunia, miaka kumi na moja baada ya Luque.

Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amempita Roberto Cherro na kuwa mfungaji bora wa muda wote wa Boca. Alimaliza na mabao 236. Juni 2011, baada ya mechi yake ya mwisho pale La Bombonera, klabu ilimkabidhi zawadi ambayo sijapata kusikia mchezaji mwingine akipewa. Waling'oa goli moja la uwanja ule wakampa aende nalo, milingoti yote miwili na mwamba wake wa juu.